Amana ya Paka Watatu

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mikono yako naibusu kutoka huku niliko, na kila sala namwomba Mungu akupunguzie maumivu ya goti. Je, yale mafuta ya karafuu yalifaa, au umeyaweka kabatini ukisubiri mgonjwa mwingine? Mimi sijambo. Nina kikohozi kidogo cha vumbi la ghala, nacho tangawizi imekwisha kukitisha. Natumai makuti ya jikoni yamebadilishwa kabla ya mvua, na kwamba fundi hakuondoka tena nusu ya kazi kwa kisingizio cha arusi.

Zeinabu mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee Mama polepole, wala usiruke mahali kwa kunionea huruma. Huko mbele kuna habari ya sahani. Ukifika hapo, mpe Mama kahawa kwanza.

Mama, barua yako ina wiki tatu mkononi mwangu. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa kitako nikaisoma tena. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nimewatupa paka wa marehemu dada yako pale Markiti, kama alivyokuhadithia Mzee Bakari. La pili, lini nitakuletea sahani yako. Kisha ukaniambia kwamba kama hilo la kwanza ni kweli, nisihangaike kukutumia salamu, kwa kuwa radhi yako sina. Maneno hayo yaliniuma. Sisemi huna haki ya kuyasema, nasema yaliniuma. Sikukujibu upesi kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijakamilika, na sikutaka kukuandikia ahadi badala ya habari.

Paka sikuwatupa. Mzee Bakari alisema kweli alichokiona: aliniona kwenye wauza samaki, nina kikapu chenye kifuniko, na ndani paka analia. Ila hakungoja kuona nikiondoka na kikapu kilekile na paka yuleyule. Barua hii nitampa yeye mwenyewe akuletee, ili aliyefikisha nusu ya habari aifikishe na nusu iliyobaki.

Nianze na lile nisilokuandikia wakati wa msiba. Siku mbili kabla ya Mama Mkubwa kututoka, alinitaka nikae karibu na kitanda chake. Nilidhani ataniusia habari ya khitma, au ya nguo zake. Akasema, "Athmani, hawa paka si wangu, ni amana. Wazima watajitafutia. Hawa watatu hawawezi. Usimpe mtu atakaewachoka." Nikamjibu inshallah. Akaniambia hataki inshallah ya kumnyamazishia mgonjwa, ataka ahadi. Nikaahidi.

Wewe ulipokuja Mombasa mara ya mwisho wote watatu walikuwa wazima, kwa hiyo nikueleze hali yao. Karani, yule mweupe mwenye mkono mmoja mweusi kama aliyeuchovya kwenye wino, ana vidonda vya ufizi visivyofunga. Hula huku akilia. Shemegi, yule mwekundu, uliyecheka jina lake kwa kuwa aliingia nyumbani siku moja na shemeji aliyekuja kwa siku tatu akakaa miezi minne, yeye hunywa maji kutwa na kukojoa kutwa, na kila mwezi hukonda zaidi. Halua, mdogo wao, ana kifafa. Huanguka, akakakamaa, akapiga miguu, kisha akainuka akaomba chakula kama kwamba hakuna lililotokea. Daktari wa mifugo aliwatazama mara moja, akaniambia hawatakufa kesho wala hawatapona kesho. Wanataka mtu wa kuwatunza kila siku mpaka siku zao ziishe.

Mtu huyo asingeweza kuwa mimi. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe anayeoa, na fundi amekwisha kuanza kupaka chokaa vyumba vya juu nikiwa bado nimo chini. Nami kazini nimepewa uhamisho wa Nakuru. Tangu Uhuru wakubwa wanahamishwa huku na huku, na sisi makarani tunawafuata nyuma kama mizigo yao. Huko nitakaa chumba kimoja na wenzangu wawili katika nyumba za Reli, na mnyama haruhusiwi. Najua utasema ningewaleta Lamu. Pumu yako, Mama, umeisahau? Na Halua akitikiswa ndani ya kikapu kutoka Kibokoni mpaka Makadara tu huanguka. Safari ya Lamu ingemwua, na Shemegi asingefika hata nusu.

Basi nikaanza kutafuta. Mwenzangu mmoja ofisini, Mtaita, aliniambia kuna bibi wa Kizungu kule Kizingo anayehifadhi paka na mbwa. Nikaazima baiskeli nikaenda Jumamosi. Uwanja mkubwa, miti, kimya, na vibanda vya waya vilivyosafishwa hata chini pangeandaliwa chakula. Kila paka na kitambaa chake na maji yake. Wote wanene, manyoya yanang'aa. Nikajiambia kazi imekwisha siku ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke ndipo nikaona kwamba sikumwona hata paka mmoja mzee. Nikamwuliza, wagonjwa wako wapi? Kiswahili chake ni cha jikoni, lakini kilitosha. Akaniambia huwatibu, wakipona huwatafutia nyumba. Na wasiopona? Akanitazama usoni, akasema hao hupigwa sindano, wafe bila maumivu.

Sikumchukia, Mama. Kwake yeye hiyo ni huruma, na aliniambia wazi kabla sijamwachia mtu wangu. Lakini mimi sikuahidi sindano. Nikamshukuru, nikapanda baiskeli. Nilirudi na kitu kimoja tu: kwamba mtu akikuonyesha mahali pake, usitazame waliopo, uliza walipo wale usiowaona.

Wa pili nitamwita Bwana Fulani, kwa sababu mwezi wa kufunga unakaribia na sitaki kuupokea nikisengenya. Nilisifiwa habari zake na watu wazima, watu wa safu ya mbele msikitini. Ana ghala la zamani nyuma ya bandari ya kale, na watu hupeleka pale mchele na samaki, sadaka ya paka wasio na mwenyewe. Nikampelekea habari, kama ulivyonifunza, kwamba Alhamisi baada ya Alasiri nitamzuru. Nikampikisha jirani mkate wa sinia, nikaubeba kwenye sahani njema.

Nilipokewa kama bwana arusi. Sakafu imeoshwa, bado ina maji. Udi unafuka. Paka kumi na mmoja wamelala kwenye magunia mapya, na safari hii niliuliza wagonjwa kwanza, nikaonyeshwa: mmoja kipofu, mmoja anachechemea. Bwana Fulani alimpakata yule kipofu, akasema huyu ni sawa na mwanawe. Nusura nilie. Na jioni ileile, kabla ya Magharibi, sahani yangu ikarudi nyumbani imejaa halua na kashata, imefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Nikasema huyu ndiye. Mtu anayejua haki ya sahani atashindwaje kujua haki ya paka? Tukaagana niwalete Jumamosi.

Ijumaa, baada ya sala, nikakumbuka sikumweleza namna ya kumsafisha Karani kinywa kwa maji ya chumvi. Nikapita. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Nikageuka kwenda zangu, kama sheria inavyotaka. Mlango wa pili palikuwa na bibi mmoja amekaa barazani anachambua mchele, na mapajani mwake amelala paka kipofu. Yuleyule. Nikamwamkia, nikamwuliza kama paka wa Bwana Fulani huja kulala kwake.

"Wa Bwana Fulani?" akasema. "Huyu wangu, amezawa chini ya kitanda changu. Jana ameniazima, alikuwa na mgeni."

Na yule anayechechemea ni wa muuza kahawa. Na wale tisa wengine, bibi akanitajia wenyewe, mlango kwa mlango. Paka wa kuazima, Mama! Nimesikia watu wakiazima mikeka, masufuria, hata mkufu wa kumvika biarusi. Paka sijapata kusikia. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango wa ghala. Magunia mapya yamekunjwa na kuwekwa pembeni, na mchele wa sadaka sikuuona.

Nilikasirika mpaka nikakosa njia ya nyumbani, nikajikuta natokea Ndia Kuu. Kisha hasira ikanirudia mwenyewe, kwani kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyempelekea habari. Tangu utotoni umenifunza kwamba muungwana haingii nyumba ya watu kama mvua ya ghafla, hupeleka salamu kwanza ili mwenyeji ajitayarishe. Naam, nilimpa siku mbili ajitayarishe, akakusanya paka wa mtaa mzima. Sikulaumu wewe, nakueleza tu kwamba adabu yako njema ilikaribia kuniulia paka.

Usiku ule nilifikiri hivi: mwenye mahali atakuambia lile unalotaka kusikia, na wanaomsifu wamemwona msikitini, hawakumwona nyumbani. Nani basi anamjua mtu anayelisha paka? Muuza samaki. Jumamosi nikaenda Markiti. Karani nilikuwa naye kikapuni kwa sababu chokaa ya fundi ilikuwa inamkohoza, na hapo ndipo Mzee Bakari aliponiona. Nikamwuliza muuza samaki, ni nani anayechukua vichwa vya samaki kila siku, hata siku ya mvua, hata siku samaki ni haba? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Bi. Tatu wa Kuze. Mwaka wa kumi huu. Hata siku aliyomzika mumewe alituma mtu."

Sasa, Zeinabu, kahawa iko tayari?

Nilikusudia kwenda Kuze saa ileile, bila kupeleka habari, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuerevuka. Lakini kuingia nyumba ya watu mara ya kwanza mikono mitupu, Mama, hilo sikuliweza. Nikapita nyumbani. Jirani alinipa visheti vya moto. Vyombo vyote vya Mama Mkubwa vilikuwa vimefungwa kwenye sanduku na kupigwa misumari. Kilichobaki nje ni kimoja, kimefungwa kwa magazeti, tayari kwa safari ya Lamu: sahani yako. Ile ya maua ya buluu, pacha wa iliyo kwenye kidaka chako cha ukutani, mlizogawana na dada yako siku alipoolewa huku. Nikaifungua. Nikajiambia ni ya saa moja tu, itarudi leo hii hii, na ikirudi itarudi na kitu.

Bi. Tatu huuza mbaazi na mahamri mlangoni kwake asubuhi. Ni mjane, mnene, na ulimi wake haujapakwa asali. Hakunikaribisha mpaka alipofunua kikapu akamtazama Karani. Ndani hakukuwa na udi. Nyumba ilikuwa inanuka paka, nasema kweli, ingawa sakafu ilikuwa safi. Na wagonjwa sikuhitaji kuwaulizia, kwa kuwa hakukuwa na wengine. Wa miguu mitatu, wa jicho moja, mmoja anatoka mate bila kukoma. Ukutani kuna alama za mkaa, mistari mifupi mifupi, na kila fungu la mistari ni paka mmoja: hizi ni siku ambazo hakula au alizidiwa.

Nilikwenda kumhoji yeye, akanihoji yeye mimi. Karani anakunywa maji mara ngapi? Sikujua. Ufizi unavuja damu upande gani zaidi? Sikujua. Ameanza kukonda lini? Nikasema tangu Mama Mkubwa alipofariki, ni huzuni. Akaniuliza nani aliyeniambia ni huzuni.

"Waishi nae nyumba moja miaka yote hiyo," akasema, "na hujui kitu."

Niliona haya, Mama. Mimi karani ninayejua kila gunia liliko katika ghala zima la Reli. Ili nami niwe na la kusema, nikamwuliza wale wasiopona huwafanyaje. Alinipeleka uani, akanionyesha kando ya ukuta mawe madogo yaliyopangwa. Akasema wanne ni wa mwaka huu. Kisha akamwonyesha kwa kidole yule wa mate, akasema huyu hafiki mwezi wa kufunga. Alilisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili, huku anamfuta mdomo kwa ncha ya leso yake.

Nikamwambia ninao watatu. Akakataa. "Niatie huyu mmoja," akasema. "Nikimuweza ntakwambia ulete wa pili. Nikishindwa, ntakwambia pia."

Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, kwa kuwa yule aliyewataka wote kwa mara moja nilikuwa nimekwisha kumjua. Nikamwacha Karani. Na sahani, pamoja na visheti, ikabaki.

Siku hiyo haikurudi. Wala kesho yake. Wala siku ya tatu. Jirani aliniambia nisitazamie, Bi. Tatu hajui mambo hayo. Siku ya sita nikaanza kumsema moyoni. Mwanamke mtu mzima, wa mjini, hajui kwamba sahani ya watu hurudishwa, na hairudishwi tupu? Asiyejali sahani atamjali paka? Siku ya nane ndiyo barua yako ikaja, na ndani yake paka na sahani na radhi yako, vyote vitatu kwenye karatasi moja. Sikulala vizuri. Kesho yake nilipotoka kazini nilikwenda Kuze moja kwa moja, na maneno nimeyapanga njiani.

Nilipiga hodi. Bi. Tatu akasema pita, mikono yake i kazini. Nikamkuta amekaa chini, anachambua miiba ya samaki. Mbele yake amechuchumaa Karani, anakula. Hakuwa akilia. Na anakula kwenye sahani yako, Mama, juu ya yale maua ya buluu.

Nikasema, "Bi. Tatu, hiyo ni sahani ya mamangu."

Hakuinua kichwa. "Siku tatu hakula," akasema. "Nlimpa kwa bakuli. Nlimpa kwa kifuu. Nlimpa kwa mkono. Bakuli ndevu zikigusa, kinywa chamuuma, yuwarudi nyuma. Hii ni pana, haina ukingo. Siku ya nne nikamwaga visheti vyako nikamtilia samaki, akala." Halafu akanitazama. "Najua ni ya watu. Ichukue."

Akamhamishia samaki kwenye bakuli, akaiosha sahani kwa maji mawili, akaipangusa kwa upande safi wa leso, akanipa. Nikaipokea. Nikafika mlangoni. Nikageuka nikaona Karani amelinusa bakuli, amerudi nyuma, amekaa anajilamba ule mkono mweusi, anatazama ukuta. Bi. Tatu aliendelea na miiba yake.

Ndipo nikakumbuka jambo. Miaka miwili ya mwisho sahani ile haikuwa kidakani kwa Mama Mkubwa. Ilikuwa jikoni, chini, karibu na mtungi wa maji. Mara ngapi niliiokota nikairudisha juu, na mara ngapi niliikuta tena chini. Nilidhani ni uzee, amesahau thamani yake. Hakusahau. Alikuwa akimlishia Karani. Na mimi, alipofariki, nikaiosha, nikaifunga magazeti, nikaanza kumpa paka chakula kwa bakuli, nikasema anakonda kwa huzuni.

Nikarudi, nikaiweka chini palepale ilipokuwa. Karani hakungoja hata samaki amalizike kuhamishwa.

Mama, sahani haitakuja. Nakuandikia wazi ili usiitazamie. Nilimweleza Bi. Tatu habari zake zote, kwamba ni pacha na mwenziwe yuko Lamu, na kwamba wewe unaidai kwa haki. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na chupa ya achari ya embe. Akasema, "Mpelekee mamako. Sahani ya watu hairudi tupu, na hii hairudi kabisa, basi angaa achari ifike." Mzee Bakari anayo. Ikifika imepungua, muulize yeye.

Wiki ile akaniambia niwalete Shemegi na Halua pamoja. Halua ameanguka mara mbili tu tangu afike, na mara zote mbili alama ya mkaa ipo ukutani. Shemegi hakudumu. Jumanne iliyopita niliitwa langoni kazini, Kilindini, nikaambiwa kuna mama ananitaka. Nikamkuta Bi. Tatu na buibui lake, ametoka Kuze kwa miguu jua la saa sita, katikati ya malori. Aliniambia amana yangu moja imerudi kwa Mwenyewe, alfajiri, na yeye alikuwa naye. Angeweza kungoja mpaka niulize. Angeweza kuazima paka mwekundu wa jirani, na mimi ninayekwenda Nakuru ningejuaje? Nililia pale pale langoni, sioni haya kukuambia. Nilimlilia Shemegi, na nadhani Mama Mkubwa nilikuwa sijamlilia sawasawa. Jioni nilikwenda nikaona jiwe lake. Ni la tano kwa mwaka huu.

Nimemwambia muuza samaki aniletee habari kama siku moja vichwa havikuchukuliwa. Yeye ndiye macho yangu, kwa kuwa hana haja ya kunifurahisha. Na barua zangu, Bi. Tatu atasomewa na jirani yake wa mlango wa pili. Nimefanya niliyoyaweza. Jumapili asubuhi napanda gari la moshi.

Sasa hukumu ni yako. Kama sahani ina uzito kuliko ahadi niliyompa dada yako, niandikie, nitaomba ruhusa nirudi Kuze nikaichukue kwa mikono yangu, nawe utakuwa umesema. Kama sivyo, nitumie radhi yako Nakuru, maana nasikia kule kuna baridi, na kwenda bila yake siwezi.

Nisalimie Mjomba Shee seremala, mwambie patasi yake nimeipata sandukuni mwa Mama Mkubwa na anayo Mzee Bakari. Nisalimie Bibi Mwanaidi mkunga aliyenipokea duniani, na Maalim Famau aliyenichapa nikajua kuandika, mwambie fimbo zake leo zimezaa karatasi tano. Shangazi yangu mfuma kofia mwambie ile aliyoniahidi aifume nzito, ya bara. Na wewe Zeinabu, kwa kusoma bila kuruka, nakutafutia leso mtaa wa Biashara kabla sijaondoka.

Mimi mwanao anayengoja neno lako,
Athmani

Nimeifungua tena bahasha. Nimetoka Kuze sasa hivi kuaga. Halua naye amekataa bakuli. Anamsukuma Karani kwa kichwa waipate sahani wote wawili, na Karani anashindwa kula. Bi. Tatu ameniuliza kama yule pacha wa sahani bado yuko Lamu. Nimemwambia yuko kidakani kwa Mama, nami sitathubutu kumwomba amtoe.